Kufundisha Kiingereza cha kuongea kwa simu, spika na kompyuta: maswali ambayo walimu wa sekondari wanatuuliza sana

Haya maswali yametoka kwa walimu wa English (na wachache wa fizikia na bailojia, tutawafikia) wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Mengine yaliulizwa kwenye semina, mengine kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku mtu akiwa anahangaika na andalio la somo la kesho. Wanaojibu ni watu wanaoshika chaki, sio wauza vifaa, kwa hiyo pale kitu kisipokuwa na maana tumesema hakina maana.

Kwani watoto si wanasoma Kiingereza kila siku? Kuongea inashindikana vipi?

Wanasoma, ndio, ila kusoma ni kitu kimoja na kukitoa mdomoni ni kitu kingine kabisa. Mtoto ametoka shule ya msingi ya serikali alikofundishwa karibu kila kitu kwa Kiswahili, English ilikuwa somo tu kama masomo mengine, anafika kidato cha kwanza ghafla hisabati, jiografia, bailojia, kemia, vyote Kiingereza, kilichobaki kwa Kiswahili ni Kiswahili chenyewe na Historia ya Tanzania na Maadili. Anapewa wiki chache za orienteshen afu safari inaanza. Ili asiachwe ananakili noti na kukariri, na kukariri kunalipa, maana mtihani wa NECTA wa English ni wa kuandika, hakuna msahihishaji atakayemsikia akiongea hata sentensi moja.

Sasa piga hesabu. Kipindi ni dakika 40, darasani kuna watoto 60. Hata mwalimu akikaa kimya kipindi kizima na watoto wakaongea mmoja mmoja bila kupoteza muda, kila mtoto anapata sekunde 40. Na sisi walimu hatukai kimya, tunajijua. Kwa hiyo kila ukiletewa kifaa chochote jiulize swali moja tu: hiki kinamwongezea mtoto muda wa kuongea au kinaniongezea mimi? Projekta yenye slaidi za rangi mara nyingi inamwongezea mwalimu. Simu ya zamani yenye kirekodi inamwongezea mtoto. Mengi tutakayosema huku chini yanatoka hapo.

Shule haina hela. Nianze na kifaa gani?

Simu yako, spika moja, na flashi au memori kadi. Basi.

Spika ndio watu wanakosea kununua. Zile ndogo za bluetooth za kubeba mkononi zinasikika vizuri dukani Mwanjelwa pale, ukizipeleka darasani lenye watoto 60 na madirisha yasiyo na vioo, waliokaa nyuma wanasikia mvumo tu. Na sabufa nazo zina besi kubwa mno, besi inafunika zile sauti nyembamba kama s, f na th ambazo ndizo unataka mtoto azisikie. Ukitumia sabufa (nyingi zina sehemu ya kuchomeka flashi, hiyo ni faida) punguza besi mpaka mwisho, ongeza trebo, afu mtume mtu akakae benchi la nyuma kabisa akuambie anasikia nini kabla kipindi hakijaanza.

Kompyuta kama ipo vizuri, kama haipo isikuzuie.

Mtandao huku kwetu unasumbua, wengine tupo Makete, Ludewa, Kilolo ndani ndani huko. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa kweli ni bora upange kama vile intaneti haipo kabisa, hata kama ipo. Kipindi kinachotegemea mtandao ukikata umebaki unapiga stori.

Unachofanya, ukishuka mjini Jumamosi au ukikaa pale kwenye kile kilima chenye mnara, pakua kila kitu uweke kwenye memori kadi. Pakua sauti, sio video. Sauti ya mp3 ya kawaida ya 128 kbps (kipimo cha ubora wa sauti) ni karibu MB moja kwa dakika, ya 64 kbps ni nusu yake na kwa maongezi inatosha kabisa, video inakula bando mara nyingi zaidi ya hapo na mtoto haongei zaidi kwa sababu ameona picha.

Za kupakua: BBC Learning English wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, bure, kina sauti na maandishi ya kila kilichosemwa. Angalizo, kile sio cha kidato cha kwanza, kimelenga watu ambao tayari wana Kiingereza cha kati, kidato cha tatu na kuendelea ndio watakifaidi, na hata hao kata vipande vya dakika moja moja. Kwa wadogo, mwalimu rekodi mwenyewe. Taasisi ya Elimu Tanzania nao wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, chukua majibizano yaliyomo humo, mtafute mwenzako msome kwa sauti watu wawili mrekodi, tayari una kifaa cha kusikiliza kinachoendana na kitabu alichonacho mtoto.

Wenye chumba cha kompyuta waangalie Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality, unaiweka kwenye laptopu moja au kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, mashine nyingine na tableti zinaingia kwa waifai ya humo humo ndani bila intaneti. Masomo yaliyomo mengi ni ya sayansi na hisabati ila unaweza kupakia vya kwako.

Kusikiliza: wanasema sauti inaenda mbio hawaambulii kitu

Tumia VLC, programu ya kuchezea sauti na video, ipo ya simu na ya kompyuta, bure. Punguza kasi iwe 0.8. Usishuke sana chini ya hapo maana sauti inaanza kuwa kama ya mlevi na watoto watacheka mpaka kengele. Kwenye kompyuta alama ya [ inapunguza kasi na ] inaongeza.

Ila kasi sio shida pekee. Cheza kipande kifupi, sekunde 20 hivi, mara tatu. Ya kwanza wasikilize tu, watu wangapi wanaongea, wapo wapi, wamekasirika au wanacheka. Ya pili waandike maneno yoyote waliyoyakamata. Ya tatu wakiwa wawili wawili waunganishe walichonacho. Afu sasa ndio wasome maandishi, sio kabla. Ukiwapa maandishi kwanza wanasoma, hawasikilizi, masikio yanaenda likizo.

Umeme unakatika na mvua nayo?

Umeme sio shida kubwa kama watu wanavyodhani, simu na spika ya kuchaji vinamaliza siku nzima, ukiwa na powerbank au sola ndogo ya nyumbani umemaliza. Mvua ndio adui. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, na kwa wenzetu wa Rungwe na Kyela hata zaidi ya hapo, mvua ikipiga kwenye bati hakuna spika ya shule itakayoishinda. Mvua nyingi zinakuja mchana kwenda jioni, kwa hiyo mwombe mwalimu wa taaluma akuwekee vipindi vya kusikiliza asubuhi, na uwe na mpango wa pili usiohitaji sauti. Ikianza radi chomoa kila kitu kwenye soketi, usisubiri kumaliza kipande, kuna shule zimepoteza kompyuta za msaada kwa radi moja tu.

Na baridi pia, hii watu wa Dar hawawezi kukuelewa. Juni na Julai kule Mafinga au Makete asubuhi betri ya simu kuukuu inashuka chaji haraka na watoto wenyewe midomo imekaza. Weka simu ndani ya koti mpaka muda wa kutumia.

Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Sasa hiyo teknolojia tunatumiaje?

Sheria ya shule iheshimu, usiwe wewe unayemfundisha mtoto kuingiza simu kwenye begi. Simu zinakuwa za shule. Ongea na mkuu wa shule akuandikie ruhusa, na kwenye kikao cha wazazi waeleze waziwazi zinafanya kazi gani. Afu omba simu za zamani: karibu kila mwalimu na wazazi wengi wana simu ya kioo kilichopasuka droo ya chini ambayo bado inarekodi. Haina laini, haina bando, imewekwa kwenye hali ya ndege, hakuna cha TikTok wala cha kuchati. Ukipata sita kwa darasa umetajirika. Hata vitochi vingi vina kirekodi, sauti yake sio nzuri ila mtoto anajisikia.

Ziandike namba, weka daftari la kuchukua na kurudisha, monita asaini. Zikilala, zilale ofisini kwenye kabati la kufuli, sio bwenini hata siku moja.

Darasa langu lina watoto 60. Nionyeshe hatua kwa hatua, kipindi kinaendaje?

Hili ndilo swali hasa. Tuseme mada ni kuelekeza njia.

Dakika kama tano za mwanzo wanasikiliza kipande kifupi ulichorekodi wewe na mwenzako: mgeni ameshuka stendi ya Nanenane Mbeya anataka kufika stesheni ya TAZARA, anauliza, anaelekezwa. Iringa weka mtalii anatafuta usafiri wa kwenda Isimila. Njombe weka mnunuzi wa parachichi. Usiweke London bana, mtoto wa Tukuyu hana habari na treni ya chini ya ardhi, atashindwa kuongea kwa sababu hana cha kusema na wewe utadhani hana Kiingereza.

Afu makundi sita ya watu kumi kumi, kila kundi simu moja. Ndani ya kundi wanaenda wawili wawili, na kila wawili wana kama dakika tatu za kupanga wataongea nini bila kuandika. Hiyo ya bila kuandika isimamie kwa ukali, wakipewa kalamu wataandika insha na kuisoma. Kumbuka hapo watoto 30 wanaongea kwa wakati mmoja na wenzao 30 wanajibu, zile sekunde 40 tumeshazivuka.

Ndipo wanarekodi, kila wawili dakika moja, jozi tano ni dakika tano hivi na za kubabaika. Kelele zitakuwepo, ruhusu makundi mawili matatu yatoke nje chini ya mti. Wakimaliza, na hapa ndipo walimu wengi wanaruka kwa sababu muda umeisha, LAZIMA wasikilize walichorekodi. Mtoto akijisikia kwa mara ya kwanza anaziba uso, anasema hiyo sio sauti yangu, wenzake wanacheka, mwache. Anasikiliza tena afu mwenyewe anasema ah hapa nilisema he wakati ni mama. Kosa alilolikamata kwa sikio lake mwenyewe halihitaji kalamu nyekundu. Wanarekodi tena mara ya pili. Ile ya pili karibu kila mara inakuwa bora na wanajua ni bora.

Dakika za mwisho wewe unachukua rekodi mbili tu, moja iliyopendeza na moja yenye kosa ambalo umelisikia kwenye makundi mengi, unazicheza kwenye spika (ile yenye kosa omba ruhusa ya wenye sauti kwanza). Usifundishe makosa kumi. Moja. Kipindi cha kwanza cha aina hii kitakuwa vurugu na mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuchungulia dirishani, cha nne au cha tano kitakuwa kimeshazoeleka.

Nifundishe matamshi ya Waingereza au ya Wamarekani?

Ya kueleweka. Mtu wa Tunduma ataongea na Mzambia, dereva wa lori wa Malawi, Mchina wa barabara na Mkenya wa kampuni, wote hao Kiingereza chao kina ladha yake. Usipoteze muda kumgeuza mtoto wa Mufindi aongee kwa pua. Kuna mambo machache tu ambayo yakikosewa watu hawaelewani kweli, hayo ndio ya kupambana nayo.

La kwanza ni irabu. Sisi tunazo tano tu, kwa hiyo "ship" na "sheep" mdomoni mwetu vinakuwa kitu kimoja, "cut", "cat" na "cart" vyote "kat". La pili ni l na r, kwa wale ambao lugha ya nyumbani haitofautishi. La tatu ni kumalizia neno kwa konsonanti, maana tumezoea silabi kuishia na irabu ndio maana tunasikia "buku" na "skuli", na ile -ed ya wakati uliopita inapotea kabisa. La nne ambalo walimu wengi hawaligusi ni mkazo, sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, tukienda na mkazo huohuo kwenye Kiingereza tunapata "vegeTAbo" na "comforTAbo", na msikilizaji mgeni anapotea hapo kuliko kwenye th.

Na th yenyewe isikusumbue, tunayo. Sauti ya "think" ipo kwenye thelathini na ya "this" ipo kwenye dhahabu. Mtoto anayesema selasini na zahabu mrekebishie Kiswahili kwanza, Kiingereza kitafuata chenyewe.

Simu inaweza kumsahihisha mtoto matamshi?

Kwa kiasi, ndio. Kwenye kibodi ya Google kuna kale kamaiki ka kuandika kwa sauti, unaongea simu inaandika. Lugha ya Kiingereza unaweza kuipakua mapema ikafanya kazi bila intaneti kwenye simu nyingi. Mchezo ni huu: mtoto anapewa sentensi, anaisema, darasa linaangalia simu imeandika nini. "Let us pray" imetoka "Let us play", darasa zima linaanguka kicheko na hiyo r haitasahaulika.

Ila kuna mtego. Hizi programu zinabahatisha kwa kuangalia maneno ya jirani. Mtoto akisema "the farmer has ten ship" simu inaweza kuandika "sheep" kwa sababu mkulima hafugi meli, na wewe ukadhani katamka sawa. Kwa hiyo tumia sentensi ambazo maneno yote mawili yanaingia, kama hiyo ya pray na play, au "I saw a big ship" na "I saw a big sheep".

Na ikikosea je, kosa ni la mtoto?

Sio lazima. Kelele za darasa, maiki mbovu, mtoto anaongea chini chini, na mashine zenyewe zimesikia zaidi Kiingereza cha kwao kuliko cha kwetu. Kwenye setingi chagua English ya Afrika kama ya Kenya au Nigeria ukiikuta, inasaidia. Kanuni yetu, mashine ikikataa mara tatu na wenzake watatu wanasema wamemwelewa, ameeleweka, tunaendelea. Usitumie hii kitu kutoa maksi hata kidogo.

ChatGPT na hizo akili bandia nyingine?

Kwa mwalimu, safi sana. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 kazi ya kutunga majibizano imekuwa ya dakika moja: iambie ikutungie mazungumzo ya muuza viazi Uyole na mteja kutoka Lusaka, kwa maneno mepesi ya kidato cha pili, isizidi sentensi 12. Afu isome vizuri kabla hujaipeleka, itakuwekea dola, itakuwekea theluji Mbeya, itakupa Kiingereza kilichonyooka mno ambacho hakuna binadamu anaongea sokoni. Punguza, kata, weka vituko.

Kwa mwanafunzi kuongea nayo moja kwa moja kwa sauti, inavutia, haichoki wala haimcheki mtoto, na hilo la kutomcheka sio dogo. Lakini inataka intaneti nzuri, masharti yao yanataka mtumiaji awe amefika miaka 13 na wa chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi, na kwa darasa la watu 60 na simu moja tumerudi kwenye sekunde 40. Labda klabu ya English siku ya Jumamosi, watu wanane, mwalimu yupo.

Sinema na nyimbo?

Nyimbo sawa kwa kuchangamsha. Sinema, watoto wamezizoea vibanda umiza zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili na DJ, ukiweka ya Kiingereza tupu ya saa moja na nusu wanaangalia ngumi tu. Chukua dakika mbili, zima sauti, waambie watunge wao maneno na wayaseme juu ya picha kama anavyofanya DJ, ila kwa Kiingereza. Kuna watoto wa nyuma wasiojibu swali lolote mwaka mzima ambao siku hiyo hawakamatiki.

Mimi mwenyewe mwalimu Kiingereza cha kuongea sijiamini, nitafundishaje?

Hauko peke yako, wengi wetu tumepita mfumo uleule, tulikariri tukafaulu, chuoni tukasoma nadharia za kufundisha lugha kwa noti. Na hapa ndipo walimu wa sayansi wanatuuliza sana, wao nao wanafundisha kwa Kiingereza saa zote na hakuna aliyewasaidia kutamka.

Cha kufanya jioni kabla ya kipindi: orodhesha maneno yale utakayoyatumia ambayo huna uhakika nayo, yasikilize kwenye kamusi za mtandaoni za Oxford au Cambridge, ni bure na kila neno lina sauti ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, rudia kwa sauti mara kadhaa ukiwa jikoni. Mwalimu wa bailojia akifanya hivi kwa maneno kumi kila wiki, mwisho wa mwaka yuko mbali. Jirekodi ukifundisha kipindi kimoja nzima, kisikilize mwenyewe bila kumpa mtu, hutasikia matamshi tu, utasikia umeongea dakika ngapi na watoto dakika ngapi. Inauma kidogo.

Na ukikwama mbele ya watoto, waambie "let us ask the phone" mkasikilize wote. Heshima haishuki, kinachoshusha heshima ni kubishana na mtoto aliyesoma English medium wakati yeye ndiye yuko sahihi.

Shule yetu ina kibao cha "No English No Service" mlangoni na anayeongea Kiswahili anaadhibiwa. Hiyo si inatosha?

Inatosha kuwafanya wanyamaze. Mtoto mwenye shida ya kweli, anaumwa tumbo au kafiwa, anakuja mpaka mlangoni anasoma kibao anarudi bwenini. Tumeona shule ambapo eneo la ofisi ni kimya kabisa na watu wanajisifu kwamba Kiswahili hakisikiki, ni kweli hakisikiki, na Kiingereza nacho hakisikiki. Mtu anayeogopa haongei lugha yoyote, na hakuna programu ya kutibu hilo. Ondoa kiboko kwanza afu ndio ulete simu.

Basi kwa nini tusifundishe tu masomo yote kwa Kiswahili yaishe?

Mjadala wa zamani huo. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwana wa Njombe, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985, serikali haikukubali, na mpaka leo watu wanabishana. Msimamo wetu sisi ni kwamba hata siku Kiswahili kikichukua masomo yote, English bado itafundishwa kama somo na bado mtoto atatakiwa aiongee, kwa hiyo mbinu hizi hazipotei. Na ndani ya kipindi Kiswahili ruksa wakati wa kupanga na kueleweshana, wakati wa kurekodi ni Kiingereza.

Mkuu wa shule anasema napoteza muda, NECTA haipimi kuongea

Usibishane, mwonyeshe. Muhtasari wa somo wenyewe unataja kusikiliza na kuongea sambamba na kusoma na kuandika, kwa hiyo huendi nje ya kazi. Pili, mtoto aliyeisema sentensi mara nne na kujisikiliza anaiandika vizuri, angalia insha zao. Mpe mkuu rekodi ya mtoto yuleyule ya Februari na ya Septemba asikilize mwenyewe ofisini, huwa hawaendelei kubisha.

Naweka maksi vipi? Rekodi 60 nani atasikiliza zote?

Hakuna, usijaribu. Kila wiki sikiliza za watoto kama wanane, mwisho wa muhula umemsikia kila mmoja. Angalia vitu vitatu tu: nimeelewa bila kurudia? aliendelea kuongea au alikwama akaacha? alijibu kweli alichoulizwa na mwenzake au kila mtu anasema yake? Sarufi iachie daftari. Faili zipe majina ya maana mapema, kidato, mkondo, namba ya mtoto na mwezi, la sivyo mwezi wa sita una faili 300 zote zinaitwa "Recording".

Naweza kuposti rekodi za wanafunzi wangu status au TikTok? Zinachekesha sana

Hapana. Ni sauti ya mtoto wa mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtoto aliyechekwa na mtaa mzima wa Mafiati kwa sentensi moja ya Kiingereza hataongea tena mpaka anamaliza kidato cha nne. Wazazi wajue mnarekodi, rekodi zikae kwenye vifaa vya shule, mwisho wa mwaka futa zote isipokuwa alizotaka mtoto mwenyewe.

Dibeti na zile hotuba za asubuhi paredi zina nafasi?

Zina nafasi, tatizo wanaongea walewale watano kila wiki na hotuba imekaririwa. Rekodi kipindi cha redio cha shule cha dakika tano, habari za bweni, matokeo ya mechi, hali ya hewa, tangazo la kiatu kilichopotea, kila wiki mkondo tofauti, kichezwe paredi Ijumaa. Aibu inapungua maana anayeongea hasimami mbele ya watu, alishaongea jana.

Redio na TV zenyewe? Wakati wa korona si tulizitumia?

Shule zilipofungwa Machi 2020 vipindi vya redio na TV vilisaidia kwa masomo ya kusikiliza. Kwa kuongea vina shida moja, redio haisubiri jibu.

Tumepata shule rafiki Uingereza wanataka tuongee kwa video. Tukubali?

Kubalini, ila msianze na video ya moja kwa moja. Saa tatu asubuhi yao ni saa sita mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa tano asubuhi majira yao ya joto, muda mzuri tu, lakini mtandao ukigoma watoto 60 wanaangalia kioo kilichoganda. Anzeni na voisi za WhatsApp za nusu dakika kwa simu ya mwalimu, hazifiki hata MB moja, mtoto anajiandaa, anarekodi, anasikiliza, anafuta, anarekodi tena mpaka aridhike ndio inatumwa. Jibu linakuja baada ya siku mbili na lafudhi za watoto wa kule ni ngumu kweli kweli, wanazisikiliza mara sita. Video fanyeni mwisho wa muhula, watoto wanne wanne, kwenye ile kona ya shule ambayo 4G inashika.